Kuzunguka kisiwa cha Arran kwa baiskeli: mwongozo kamili wa siku 3

Barabara inayozunguka Arran ina urefu wa kilomita 90 hivi, na mtu wa baiskeli ya mashindano huimaliza asubuhi moja akabaki na mchana wote. Ukisikia hivyo utadhani ni safari ndogo. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanapanga kwa kilomita, kumbe kisiwa hiki hupangwa kwa upepo na kwa saa za kivuko. Kilomita 28 za pwani ya magharibi zinaweza kukuchukua saa moja na nusu upepo ukiwa mgongoni, au saa tatu na nusu ukiwa usoni, kwa miguu ileile na mzigo uleule.

Arran iko kwenye hori la Clyde, kusini-magharibi mwa Scotland, ina ukubwa wa kilomita za mraba 430 hivi na wakazi wasiofika 5,000. Kaskazini ni milima ya granaiti, na Goatfell ndiyo ndefu kuliko yote kwa mita 874. Kusini ni vilima vya malisho vinavyokwenda juu na chini bila kukupumzisha. Upande wa mashariki ndiko kwenye watu, maduka na magari. Magharibi ni kimya, na huko ndiko mwongozo huu unakotaka ufike ukiwa bado na nguvu za kukaa na kutazama.

Mwezi gani

Aprili, Mei na Juni kwa kawaida ndiyo miezi yenye mvua chache. Juni mchana una saa 17 na zaidi, hivyo hata ukichelewa kuondoka hukutwi na giza njiani. Julai na Agosti kuna joto kidogo zaidi, nyuzi 17 au 18 mchana, lakini magari ni mengi, vitanda hujaa, na usubi wanakuwa kwenye kilele chao. Tuwaongelee mapema hao: ni wadogo kuliko mbu, hutoka kwa maelfu jioni na alfajiri pakiwa na unyevu na hewa imetulia. Upepo wa kilomita 11 kwa saa tu unatosha kuwazuia wasiruke, kwa hiyo hema lipigwe mahali pa wazi penye upepo, si kwenye kibonde kizuri kando ya kijito. Nunua dawa ya kupaka na chandarua cha kichwa kabla ya kuvuka. Septemba ni mwezi mzuri pia, ila jua huanza kuzama mapema. Desemba mchana ni saa 7 hivi, waachie wenyeji.

Baiskeli na mzigo

Huhitaji baiskeli ya bei mbaya. Unahitaji gia nyepesi, tairi pana na breki za kuaminika.

Kwa gia, aliyebeba mzigo awe na gia ya mbele ya meno yasiyozidi 34, na ya nyuma isiyopungua meno 34. Ukipata 30 mbele ni bora zaidi. Milima ya Arran si mirefu, hakuna unaovuka mita 300 barabarani, lakini ni mikali na inafuatana, na goti linalosukuma gia nzito siku ya kwanza ndilo litakalokusumbua siku ya pili.

Tairi ziwe za milimita 32 hadi 40. Lami ya huku imechoka: ina mashimo, viraka juu ya viraka, na kingo zilizomeguka hasa upande wa magharibi na kusini. Kwa tairi ya milimita 37, mtu wa kilo 75 mwenye mzigo wa kilo 15, anza na psi (kipimo cha msukumo wa hewa) 45 mbele na 55 nyuma. Ukijaza chini ya hapo, ukiingia shimoni tyubu hubanwa kati ya rimu na lami, ukaona matundu mawili yaliyokaa sambamba kama meno ya nyoka. Ukiona matundu ya aina hiyo usihangaike kutafuta mwiba, ongeza upepo.

Mzigo wote, pamoja na hema, usizidi kilo 15. Ugawe: theluthi moja mbele kama una keria ya mbele, theluthi mbili nyuma, vizito vikae chini. Mzigo wote ukikaa nyuma, spoki za gurudumu la nyuma upande wa gia ndizo hukatika kwanza, kwa kuwa zimekazwa kuliko za upande wa pili. Kabla ya kusafiri zishike mbili mbili kwa vidole kuzunguka gurudumu zima. Inayolegea kuliko wenzake mpelekee fundi sasa, si kesho.

Mfuko wa vifaa uwe na tyubu 2 mpya, viraka 6 na gundi ambayo haijafunguliwa (iliyofunguliwa mwaka jana imeshakauka, usijidanganye), leva 3 za tairi, pampu ya mkono, ufunguo wa kukatia cheni na pini 2 za kuungia zinazolingana na idadi ya gia zako, spana za heksagoni, waya wa breki na wa gia, jozi moja ya vipande vya breki, na kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia dereila ya nyuma, yaani kifaa kinachohamisha cheni kutoka gia moja hadi nyingine. Kila muundo wa baiskeli una cha kwake. Kikipinda kwa kuangusha baiskeli melini, hutakipata kisiwani, na safari imeisha. Ongeza mafuta mazito ya cheni ya kustahimili mvua na kitambaa kikuukuu. Madigadi kamili si urembo: maji yanayorushwa na gurudumu la mbele ndiyo hupeleka mchanga kwenye cheni na viatuni.

Sheria ya Uingereza inataka usiku uwe na taa nyeupe mbele, taa nyekundu nyuma na kiakisi chekundu nyuma. Helmeti haijalazimishwa kisheria, lakini vaa. Taa ya nyuma iwashe hata mchana, kwa sababu ukungu hushuka bila kubisha hodi.

Kufika

Kutoka kituo cha Glasgow Central, treni huchukua baiskeli bila malipo, ila nafasi ni chache na atanguliaye ndiye apatae. Epuka saa za watu kwenda na kutoka kazini.

Soma hapa kwa makini. Vivuko vya kampuni ya CalMac kwenda Brodick, bandari kuu ya Arran, hutumia bandari mbili za bara, Ardrossan na Troon, kutegemea ni meli gani na msimu gani. Kutoka Ardrossan ni dakika 55 hivi. Kutoka Troon ni zaidi ya saa moja. Bandari hizo hazikai jirani, na aliyefika isiyo yake huitazama meli ikiondoka kwa mbali. Angalia tiketi yako siku ya kununua, kisha angalia tena usiku wa kuamkia safari. Baiskeli haitozwi, unalipa nauli ya mtu wa miguu.

Bandarini fika nusu saa kabla. Ukiitwa, shuka usukume baiskeli. Daraja la kuingilia ni la chuma, lina matuta, na likilowa linateleza kama sabuni. Ndani wafanyakazi watakuonyesha pa kuiegemeza. Itie gia nyepesi kabisa, cheni ikae kwenye gia kubwa ya nyuma iliyo upande wa ndani, ili dereila isigandamizwe na baiskeli ya jirani, ifunge kwa kamba kupitia fremu, usipitishe kamba juu ya waya za breki. Chukua pesa, simu, chakula na koti upande navyo juu, kwa kuwa sitaha ya magari hufungwa meli ikiwa safarini.

Uelekeo gani

Zunguka kwa kufuata mishale ya saa: Brodick, kusini hadi Lagg, kisha kaskazini kwa pwani ya magharibi, Lochranza, na kurudi. Sababu ni tatu. Upepo wa huku mara nyingi hutoka kusini-magharibi, kwa hiyo pwani ndefu ya magharibi utaipanda ukisukumwa. Vilima vya kusini utavimaliza ungali mpya. Na kwa kuwa magari hushika kushoto, utakuwa upande wa bahari muda wote, bila kitu kati yako na maji.

Kushika kushoto si kugumu kwa aliyetoka Tanzania, Kenya au Uganda. Aliyezoea barabara za Kongo, Rwanda, Burundi au Oman ndiye wa kujichunga, na hatari haiko mjini kwenye magari. Iko asubuhi barabara ikiwa tupu, unapotoka kambini ukiwa bado na usingizi na hakuna gari la kukukumbusha.

Lakini upepo ndio mwamuzi. Majira ya kuchipua huweza kuvuma kutoka kaskazini au mashariki siku kadhaa mfululizo. Utabiri ukisema kaskazini, geuza ratiba nzima. Manahodha wa jahazi hawakubishana na pepo za omo. Walingoja msimu au walibadili tanga. Utabiri wa Uingereza hutoa kasi ya upepo kwa maili: maili 25 kwa saa ni kilomita 40, na hapo ndipo tungesema usiende pwani ya magharibi ukiwa na mikoba ya pembeni. Tazama pia kasi ya vishindo, yaani mapigo ya ghafla ya upepo, si wastani peke yake. Kishindo cha ubavuni ndicho humtupa mtu katikati ya barabara.

Siku ya kwanza: Brodick hadi Kildonan, kilomita 20 hivi

Panda kivuko cha asubuhi au adhuhuri. Brodick ina supamaketi karibu na gati. Nunua chakula cha jioni na cha kesho mchana papo hapo. Anayekula nyama ya halali tu asitegemee kuipata kisiwani. Beba kutoka Glasgow, ambako bucha za halali hazina shida, au panga kula samaki, mayai, dengu na jibini.

Ukitoka Brodick kuelekea kusini unaanza kupanda papo hapo, zaidi ya mita 100, na misuli haijachemka. Tia gia nyepesi mapema, kabla ya mlima kukusimamisha, maana kubadili gia huku unakanyaga kwa nguvu ndiko hukata cheni. Unateremka Lamlash, kilomita 6 tangu uanze. Mbele yake kimelala Kisiwa Kitakatifu, na kaskazini mwa ghuba kuna eneo ambalo tangu mwaka 2008 uvuvi wa aina yoyote umepigwa marufuku. Lamlash ndiko kuliko na hospitali ya kisiwa, ikumbuke. Kilima kingine, kisha Whiting Bay, kijiji kirefu kando ya maji. Jaza chupa za maji hapa.

Baada ya Whiting Bay barabara inapanda tena na magari yanapungua. Kildonan iko chini, nje ya barabara kuu, kwenye kipande kinachochepuka kushoto na kurudi mbele zaidi. Mteremko wake ni mkali, na kesho utaulipa kwa kupanda. Lakini ufuko una sili, wanyama wa baharini wanaoota jua juu ya miamba, kisiwa kidogo cha Pladda chenye mnara wa taa, na nyuma yake Ailsa Craig, jabali la granaiti linalochongwa mawe ya curling, mchezo wa kutelezesha mawe juu ya barafu. Usikaribie sili, wakiinua vichwa vyote kwa pamoja, umeshazidi.

Siku ya pili: Kildonan hadi Lochranza, kilomita 48 hivi

Hii ndiyo siku yenyewe. Ondoka kabla ya saa 3 asubuhi.

Kilomita 20 za kwanza, hadi Blackwaterfoot, ni panda-shuka. Mahali pa kuangalia ni Lagg: barabara inatumbukia kwenye bonde la miti, kona ni kali, na chini ya miti lami hukaa na maji na majani hata siku ya jua. Breki za rimu zikiwa zimelowa, mizunguko ya kwanza ya gurudumu hufuta maji tu, haisimamishi. Kwa hiyo anza kufunga mapema, ukiwa bado kwenye mstari ulionyooka, kwa kubana na kuachia, halafu ingia konani ukiwa umeshapunguza mwendo. Anayebana mfululizo kutoka juu mpaka chini hupasha moto rimu. Anayebana ndani ya kona hulala chini.

Blackwaterfoot ni mahali pa kula na kununua. Mbele yako hadi Lochranza duka la kuaminika ni la Pirnmill tu, na nalo lina saa zake. Hapa pia ndipo pa kufanya uamuzi. Kama upepo umegeuka na kuwa wa kaskazini, au mguu umegoma, kuna barabara ya String inayokata kisiwa hadi Brodick, kilomita 17 hivi. Ilijengwa mwaka 1817 kwa usanifu wa Thomas Telford, na inapanda hadi mita 234. Ni kazi, lakini ni ya saa moja na nusu, siyo ya nusu siku.

Kilomita chache kaskazini kuna njia ya kwenda Machrie Moor. Funga baiskeli kwenye maegesho utembee kilomita 2.4 hadi kwenye mawe yaliyosimamishwa miaka 4,000 hivi iliyopita. Refu kuliko yote lina mita 5 na zaidi. Mageti yafunge nyuma yako, kuna kondoo. Ukirudi jikague miguu na kiunoni, kwa kuwa kupe wa kwenye majani marefu hueneza ugonjwa wa Lyme. Mng'oe kwa kibano chembamba ukimshika karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kumminya tumbo.

Kutoka Machrie barabara inashuka hadi usawa wa bahari na kubaki hapo, isipokuwa kilima kifupi cha Imachar. Kulia ni ukuta wa mlima, kushoto ni mlangobahari wa Kilbrannan, na ng'ambo rasi ya Kintyre. Usikimbie. Wakati mwingine zinapita dakika kumi bila gari. Gari likija nyuma mahali pembamba, shika mstari wako mpaka upate nafasi, kisha jitoe kushoto ulipishe. Dereva atainua kidole kukushukuru nawe utajibu. Ukingoni usipande kabisa, kwa kuwa lami imemeguka na chini kuna changarawe.

Catacol utaona safu ya nyumba 12 nyeupe zilizoungana, zinazoitwa Mitume Kumi na Wawili. Kilomita chache zaidi unafika Lochranza, penye ngome iliyobomoka ndani ya ghuba, hosteli na uwanja wa kambi. Kulungu wekundu hutembea kijijini kama mbuzi. Jioni hupita barabarani bila taarifa, kwa hiyo mwendo uwe wa pole.

Kuhusu hema: sheria ya mwaka 2003 inaruhusu kupiga kambi porini Scotland kwa watu wachache, usiku miwili au mitatu mahali pamoja, mbali na nyumba na mashamba, bila kuacha alama. Maji ya kijito yachemshe, kwani huko juu huenda kuna kondoo aliyekufa.

Pancha mvuani

Ipo siku itakupata, kwa hiyo huu ndio utaratibu. Tia cheni kwenye gia ndogo kabisa ya nyuma, vua mikoba, ndipo utoe gurudumu. Kiraka hakishiki kwenye mpira uliolowa. Badili tyubu, kiraka ni cha jioni. Kabla ya kutoa tyubu kumbuka valvu ilikaa mkabala na herufi zipi za tairi, kwa maana ukipata tundu kwenye tyubu utajua mahali pa kutafuta kwenye tairi. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, si kidole: ncha za miiba ya ua zilizokatwa pembeni mwa barabara hubaki zimechomeka ndani, na asiyezitoa hutoboa tyubu ya pili baada ya mita 200. Ijaze tyubu mpya upepo kidogo ishike umbo. Ivalishe, anza kurudisha tairi upande ulio mkabala na valvu na umalizie kwenye valvu. Sehemu ya mwisho ikikaza, usichukue leva. Sukuma kingo za tairi kwingine kote ziingie katikati ya rimu, na nafasi itapatikana. Jaza nusu, zungusha, hakikisha hakuna tyubu iliyochungulia, kisha jaza yote.

Jioni, ndani: kwaruza, paka gundi nyembamba, na subiri. Kwenye baridi ya nyuzi 8 dakika 5 hazitoshi. Ngoja 10, mpaka gundi ipoteze mng'ao wake.

Na cheni. Ukilala karibu na bahari baada ya siku ya mvua, asubuhi utaikuta ina rangi ya chungwa. Ni kutu iliyoletwa na chumvi. Ifute kabla ya kulala, tia tone moja kwa kila kiungo, zungusha pedali nyuma mara 20, futa ya ziada.

Siku ya tatu: Lochranza hadi Brodick, kilomita 23 hivi

Fupi, lakini inaanza na mpando mkubwa wa safari, Boguillie, unaofika mita 200 hivi kutoka usawa wa bahari. Panda ukiwa umevua koti, livae juu kabla ya kuteremka. Jasho na upepo wa mteremko hukugandisha. Kwenye kuteremka kuelekea Sannox upepo hubadilika ghafla kila unapovuka mdomo wa bonde, kwa hiyo mikono ibaki kwenye breki. Kuanzia Sannox, kupitia Corrie, ni tambarare kando ya maji hadi Brodick.

Panga kivuko cha alasiri, siyo cha mwisho. Upepo ukichafuka safari hufutwa, na cha mwisho kikifutwa umelala. Aliye na siku za ziada anaweza kuondokea Lochranza badala yake: wakati wa kiangazi kuna kivuko kidogo cha dakika 30 hadi Claonaig, kwenye rasi ya Kintyre, na kutoka hapo kilomita 8 au 9 hadi Kennacraig, gati la kwenda kisiwa cha Islay. Wakati wa baridi njia hiyo hubadilishwa. Usiitumie kama njia ya dharura ya kurudi Glasgow, kwani ng'ambo hakuna treni.

Namba ya dharura ni 999 au 112. Mtandao wa simu hupotea mara kwa mara magharibi na kaskazini. Beba ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, Explorer namba 361, ambayo kisiwa chote kimo.

Ukifika nyumbani osha baiskeli kwa maji baridi yasiyo na kasi ndani ya siku mbili, kausha, toa nguzo ya siti uipake grisi kabla ya kuirudisha. Chumvi ya Arran ikikaa humo miezi mitatu, nguzo na fremu vitashikana, na hakuna spana itakayovitenganisha.